Kiangazi cha Knepp: Shamba la Uingereza lililoachiwa maua na ndege

MKULIMA yeyote anayelijua jembe angesononeka lau angepita katika shamba la Knepp, kusini mwa Uingereza, kiangazi cha mwaka wa 2009. Makumi ya ekari zilizokuwa zikilimwa miaka michache tu awali zilikuwa zimefunikwa na mibaruti, yale magugu ya miiba na maua ya zambarau ambayo mizizi yake hutambaa chini kwa chini na kuchipuza mbali na mama yao. Majirani walikuwa wamekwisha kunung'unika. Sheria ya Magugu ya mwaka wa 1959 nchini humo hutaja magugu matano ambayo serikali yaweza kumwamuru mwenye ardhi ayazuie yasienee, na mbaruti huo umo miongoni mwayo.

Kisha wakaja vipepeo. Walikuwa wa aina yenye rangi ya machungwa na madoa meusi na meupe kwenye ncha za mabawa, ambayo hata hapa Kenya huonekana. Mwaka huo walivuka kutoka Afrika na pwani za Mediterania kwa wingi usio wa kawaida. Ilikadiriwa kwamba milioni 11 waliingia Uingereza. Katika mibaruti ya Knepp walitaga mayai, mayai yakaangua viwavi weusi wenye miiba, nao viwavi wakasokota nyuzi juu ya majani na kuyatafuna hadi konde zima likaonekana kama limefunikwa kwa utando wa buibui. Mwaka uliofuata mibaruti ile ilikuwa imetoweka karibu yote.

Wenye shamba, Charles Burrell na mkewe Isabella Tree, hawakuwa wamepulizia dawa wala kufyeka. Walikuwa wamesubiri, na kwa kukiri kwao wenyewe, walisubiri kwa wasiwasi. Tree, ambaye ni mwandishi, amekisimulia kisa hicho katika kitabu chake Wilding kilichotoka mwaka wa 2018. Nimeanza nacho kwa sababu kinamfaa yeyote anayetaka kutazama maua na wanyama katika ardhi yake: mtazamaji huyo huhitaji subira kuliko anavyohitaji darubini.

Knepp iko West Sussex, yapata kilomita 70 kusini mwa London, na ukubwa wake ni ekari 3,500. Burrell aliirithi mwaka wa 1987. Udongo wake ni mfinyanzi mzito ambao hukauka na kupasuka wakati wa joto, kisha wakati wa baridi hugeuka tope la kumeza buti. Msomaji aliyewahi kukwama katika udongo mweusi wa Mwea au Athi River hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa miaka zaidi ya kumi familia hiyo ilijaribu kila lililoshauriwa na wataalamu, tangu mashine kubwa na mbolea nyingi hadi ng'ombe wa maziwa, na hata kutengeneza aiskrimu, lakini hasara haikukoma. Mwaka wa 2000 iliamua kuuza ng'ombe wa maziwa pamoja na mashine. Hatua kwa hatua makonde yakaachwa yajiotee, na baadaye wakaingizwa ng'ombe wa pembe ndefu, farasi wadogo wa Exmoor, nguruwe wa Tamworth na kulungu, wazurure watakavyo mwaka mzima bila zizi.

Hapa yafaa kueleza neno moja. Kwetu kiangazi ni ukame, nyasi kugeuka kahawia na mifugo kukonda. Kiangazi cha Ulaya ni kinyume chake: ni miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambapo mvua bado hunyesha na ardhi huchanua. Mwezi wa Juni, kusini mwa Uingereza, jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kutua baada ya saa tatu usiku. Maua, wadudu na ndege wana majuma machache tu ya kufanya shughuli ya mwaka, na ndiyo maana mtu akikosa kuzuru konde kwa siku kumi hulikuta limebadilika sura.

Kazi kubwa ya maua pale Knepp hufanywa na nguruwe. Kwa pua zao huchimbua ukoka mzito na kuacha udongo wazi, na katika mabaka hayo mbegu za mimea ya mwituni zilizokuwa zimesongwa na nyasi hupata nafasi. Hua wa Ulaya, ndege ambaye amepungua Uingereza kwa zaidi ya asilimia 95 tangu miaka ya 1960, huokota mbegu ndogo za magugu hayohayo. Mierebi nayo hurusha mbegu zake kama pamba wakati wa machipuko, na mbegu hizo haziishi muda mrefu. Zisipotua kwenye udongo ulio wazi na wenye unyevu, hufa. Pale nguruwe walipopita, vichaka vya mierebi vilisimama.

Mierebi ikaleta kipepeo ambaye Waingereza humwita mfalme wa zambarau. Jike hutaga mayai kwenye majani ya mti huo. Dume ni mweusi mwenye mistari myeupe, ila mwanga ukimpiga kwa pembe fulani mabawa yake humeremeta zambarau, kisha akigeuka kidogo rangi yote hupotea. Huruka mwishoni mwa Juni na Julai, na alasiri hushindana na madume wenzake juu ya vilele vya mialoni, hata ndege wapitao huwafukuza. Tena ni mfalme asiyejali maua. Anapenda utomvu wa miti, mizoga na kinyesi kibichi. Anayetaka kumwona kwa karibu na aangalie samadi njiani asubuhi.

Vitabu vya zamani vilimwandika kipepeo huyu kuwa wa msitu mkubwa. Naitingeli, yule ndege mdogo wa rangi ya kahawia anayeimba usiku hadi mwanzoni mwa Juni, naye aliandikwa kuwa ndege wa msituni. Knepp wote wawili wamestawi katika vichaka na nyua za miiba zilizoachwa zikatanda. Wenye shamba wanashikilia kwamba vitabu vilirekodi mahali viumbe hawa walipobanwa, wala si mahali ambapo wangechagua wenyewe. Hoja hiyo naiona nzito, kwani twaelekea kuamini kwamba tulichokikuta ndicho kilichokuwapo tangu jadi.

Julai huleta ugomvi mwingine, wa ragwoti. Hili ni gugu la maua ya manjano yenye kung'aa, nalo ni miongoni mwa yale matano ya sheria ya 1959. Lina sumu inayoharibu ini la farasi na ng'ombe. Mnyama aliye huru aghalabu hulikwepa kwa uchungu wake. Hatari kubwa iko katika nyasi kavu za kulisha mifugo, maana likikaushwa uchungu hupotea na sumu hubaki. Jirani anayekata nyasi za kuuza ana haki ya kulihofia, na sioni busara kumcheka. Walakini chini ya maua hayo utawakuta viwavi wenye pete nyeusi na za dhahabu, wakila sumu hiyo na kuihifadhi mwilini iwe kinga yao dhidi ya ndege. Nondo wao, mwekundu na mweusi, hutegemea mmea huo.

Msomaji asidhani kwamba kuiacha ardhi ndiyo njia pekee. Malisho ya jadi ya Uingereza, yaliyokatwa mara moja kila mwaka baada ya maua kupuna mbegu, yalikuwa na mimea ya aina nyingi kupita kiasi, na asilimia 97 yake ilitoweka kati ya miaka ya 1930 na ya 1980, hasa kwa kulimwa na kutiwa mbolea. Mbolea hunenepesha nyasi, nazo nyasi huyasonga maua. Wanaojaribu kuyarudisha malisho hayo hupanda kwanza mmea wa maua ya manjano ambao mbegu zake zikikauka hulia ndani ya ganda kama kayamba. Mizizi yake hunyonya mizizi ya nyasi na kuzidhoofisha, na maua mengine hupumua. Mmea huo ni wa ukoo mmoja na kiduha, yaani striga, ambaye wakulima wa Nyanza na Magharibi wanamjua kwa kunyonya mahindi. Tabia ni ileile. Tofauti ni kwamba huku hunyonya chakula chetu.

Kutazama, ili kuwe na manufaa, hufuata kanuni. Tangu mwaka wa 1976 Waingereza wamekuwa na mpango wa kuhesabu vipepeo ambapo mtu hupita njia ileile kila juma, kuanzia Aprili hadi Septemba, siku isiyo na mvua wala upepo mkali, akiandika kila kipepeo aliye ndani ya mita chache mbele yake. Haidhuru kama leo ameona watatu tu. Tarakimu hiyo hupata maana ikiwekwa kando ya za miaka ishirini. Knepp hupokea pia wageni wanaolipa ili watembezwe kwa gari la wazi, na matembezi hayo huitwa safari, neno letu ambalo limefika mbali bila pasipoti.

Kuna swali ambalo wapinzani wa shamba hili huuliza, nalo ni la haki: chakula kitatoka wapi? Knepp huuza takriban tani 75 za nyama kwa mwaka, kwa uzito wa mnyama aliye hai, lakini ngano haitoki tena. Aidha, kazi hiyo imesaidiwa na ruzuku za serikali pamoja na fedha za watalii. Mwenye ekari mbili Vihiga hawezi kuiga hayo, wala hatakiwi. Anachoweza ni kuuacha ukingo wa shamba na ua wake bila kupuliziwa dawa, kisha ahesabu atakachokiona.

Mwaka wa 2020 makinda ya korongo weupe yaliangua na kuruka Knepp kutoka viota vilivyo juu ya mialoni, jambo ambalo halikuwa limetokea porini Uingereza kwa karne kadhaa. Korongo wa magharibi ya Ulaya huhamia upande wa magharibi mwa Afrika. Wale tunaowaona kwetu wakifuata nzige na viwavi katika nyanda za Mara hutoka mashariki ya Ulaya na kufuata bonde la Nile. Vivyo hivyo kwa naitingeli: yule wa Knepp huenda Afrika Magharibi, ila ndugu yake wa mashariki hupita Kenya. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka wa 1969 watafiti huwanasa kwa nyavu ndege wanaohama, katika usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, Novemba na Desemba, wanapovutiwa na taa za hoteli. Naitingeli huyo wa mashariki ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi zaidi. Hupimwa, hutiwa pete mguuni yenye nambari, na kuachiliwa aendelee kusini.