Sababu Zisizotamkwa: Historia ya Uamuzi wa Ukimbizi na Mapitio ya Mahakama katika Arua na Koboko

Makala haya yanachunguza nafasi ya sababu za uamuzi katika sheria ya wakimbizi ya Uganda, na namna lugha inavyoathiri uwezo wa mwombaji hifadhi wa West Nile kuupinga uamuzi unaomnyima hadhi ya ukimbizi.

Arua na Koboko zinaujua ukimbizi kwa pande zote mbili. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wakazi wengi wa West Nile walivuka mpaka kuingia kusini mwa Sudan na Zaire. Mkondo uligeuka baadaye, hasa baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016: Wasudani Kusini walipokelewa Rhino Camp na Imvepi, na Wakongo katika makazi ya Lobule, Koboko.

Sheria ya mwaka 1960 ilikusudia kumdhibiti mkimbizi kama mgeni. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilimtambua kuwa mwenye haki. Wasudani Kusini wametambuliwa kwa kikundi, bila kila mmoja kuhitaji kuthibitisha hofu yake. Anayechunguzwa peke yake hufika mbele ya Kamati ya Ustahiki, inayopaswa kuamua ndani ya siku 90. Akikataliwa, ana siku 30 za kukata rufaa. Hata hivyo, Bodi ya Rufaa haina mamlaka ya kumpa hadhi. Ikitengua uamuzi, hurudisha shauri kwa Kamati.

Mlango unaofuata ni Mahakama Kuu. Ibara ya 42 ya Katiba ya 1995 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa na kuupinga uamuzi wa kiutawala mahakamani. Katika mapitio, jaji hapimi iwapo mwombaji ni mkimbizi. Hupima jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Barua inayosema tu kwamba maelezo "hayaaminiki" humnyima jaji kitu cha kupima, na humnyima mwombaji hoja ya kujenga. Kenya imekwenda mbali zaidi: Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inatambua haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na chini ya sheria ya 2015, mwamuzi asipotoa sababu, uamuzi wake huchukuliwa kuwa umefanywa bila sababu nzuri, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kikakwa huzungumzwa Uganda, Sudan Kusini na Kongo; hivyo lafudhi pekee haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba mtu ametoka Yei na si Koboko. Vilevile, mwombaji anayetumia Kiswahili akisema "ndugu", anaweza kumaanisha aliyezaliwa naye tumbo moja, binamu au mtu wa ukoo. Mkalimani akichagua maana moja leo na nyingine kesho, kumbukumbu ya Kiingereza itaonyesha mkanganyiko ambao mwombaji hakuusema. Sababu zisipoandikwa, kosa hilo halionekani kamwe.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu marekebisho ya 2005, lakini matumizi yake yanategemea sheria ya Bunge. Makala haya yanapendekeza mambo matatu: kila barua ya kukataa itaje maelezo yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na kwa nini, itaje lugha ya mahojiano, na isomwe kwa mwombaji katika lugha anayoielewa kabla siku 30 hazijaanza kuhesabiwa. Haki ya rufaa huanza pale mtu anapoelewa alichonyimwa.