Saa Janja: Istilahi na Kifaa Chake Katika Milima ya Gusii

Istilahi saa janja hutumiwa katika Kiswahili cha leo kutaja saa ya mkono ambayo, pamoja na kuonyesha wakati, imebeba kompyuta ndogo, vihisi vinavyopokea ishara kutoka mwilini mwa mvaaji, na redio ya masafa mafupi inayoiunganisha na simu. Nomino saa, yenye asili ya Kiarabu, ina maana mbili, yaani kipindi cha dakika 60 na chombo cha kukihesabia, na lugha ya Ekegusii inayozungumzwa katika kaunti za Kisii na Nyamira nayo ililipokea neno hilohilo ikalifanya ensa. Utata basi haumo katika nomino bali katika kivumishi, kwa kuwa Kiingereza hutumia sifa moja kwa simu, saa, runinga na hata jiji, ilhali katika Kiswahili vivumishi visivyopungua vitatu vinaigombea nafasi hiyo: erevu, mahiri na janja.

Erevu ni sifa njema, lakini mtu akishakuwa mwerevu na watu wakawa werevu, waandishi hukwama wanapofika kwenye ngeli ya I-ZI, wasijue kama waliache shina lilivyo au waliongezee kiambishi. Mahiri halina shida hiyo, kwani vivumishi vya asili ya Kiarabu kwa kawaida havichukui viambishi vya ngeli. Tatizo lake ni la maana, kwa sababu umahiri ni wa fundi aliyeirudia kazi yake mpaka ikamkaa mikononi, kama mchongaji wa Tabaka anayelishika jiwe la sabuni akajua litapasukia wapi kabla hajalitia tindo. Janja husimama bila kiambishi mbele ya saa moja na mbele ya saa mia, na tayari limezoeleka katika simujanja. Tena mjanja katika Kiswahili husifiwa na kushukiwa papo hapo: sungura wa ngano hupendwa na kila msikilizaji, ila hakuna mnyama anayelipokea neno lake bila kulichunguza. Ulinganifu huu na tabia halisi ya kifaa ndio unaolipa janja haki ya kushinda, na ili uonekane, inafaa kueleza jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi.

Mgongoni mwa saa, pale panapogusa ngozi, mna vijitaa vya kijani pamoja na kihisi cha mwanga. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kwa kuwa kila pigo la moyo husukuma damu zaidi katika mishipa midogo ya kifundo cha mkono, mwanga unaorudi hupungua na kuongezeka kwa kufuata pigo hilo, nayo kompyuta huyahesabu mabadiliko hayo ikayaita mapigo ya moyo. Hatua nazo huhesabiwa na kipimamwendo, yaani kihisi kinachotambua mtikisiko, ambacho hutafuta mpungo wa mkono unaofanana na wa mtu anayetembea. Saa haiugusi moyo wala haiuoni mguu. Hubashiri mambo ya huko kwa dalili zinazofika mkononi.

Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, msukuma mkokoteni aliyepakia mikungu ya ndizi hushika vyuma kwa mikono miwili iliyokazwa, akapanda mteremko wote bila mkono kupunga hata mara moja, na saa ikiwa mkononi mwake huenda ikamwandikia hatua chache kuliko karani aliyetembea ofisini akipunga mikono. Kinyume chake huweza kutokea katika mashamba ya chai ya Nyamira, ambako mchumaji husimama mahali pamoja akikata majani mawili na kichipukizi, akiyarusha nyuma ya bega hadi kapuni, na mkono wake ukipanda na kushuka kwa mdundo ambao kipimamwendo kinaweza kuudhania kuwa mwendo. Baadaye, anapobeba mzigo hadi kituo cha kununulia majani akiwa ameshikilia kamba kifuani, mwendo wa kweli hupotea. Hata lile lengo la hatua 10,000 kwa siku halikutoka hospitalini, bali lilianzia Japani mnamo 1965 katika jina la kibiashara la kipimahatua.

Haifuati kutokana na hayo kwamba kifaa ni pambo tu. Kwa mkimbiaji anayejizoeza katika miinuko ya Gusii, eneo lililomlea Naftali Temu, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki, aliyeshinda mbio za mita 10,000 jijini Mexico mwaka wa 1968, saa inayoonyesha kasi, umbali na mapigo humwezesha kulinganisha mazoezi ya leo na ya mwezi uliopita. Faida kubwa zaidi inahusu mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo huweza kugandisha damu moyoni na kusababisha kiharusi, na ambayo mara nyingi hayana maumivu yoyote. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2019, watu zaidi ya 419,000 walivaa saa za Apple, na takriban 0.5% kati yao ndio waliopata onyo; onyo la namna hiyo ni sababu ya kwenda kupimwa moyo hospitalini, si jibu la daktari.

Hasara nazo zina uzito. Melanini, rangi asilia ya ngozi, nayo hufyonza mwanga, na mwaka wa 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipimaoksijeni vya hospitalini, vinavyotumia mwanga vilevile, vilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Ikiwa chombo cha wodini huteleza hivyo, saa ya bei nafuu ya dukani haistahili kuaminiwa zaidi. Zipo pia saa zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, dai ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ililitolea onyo Februari 2024 ikisema haijaidhinisha kifaa chochote cha aina hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayejipimia insulini kwa tarakimu hizo huhatarisha maisha yake. Aidha, habari za afya ya mvaaji husafiri hadi kwa kampuni za mbali, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu kuwa data nyeti. Suala la kuchaji kila siku au mbili, na upele unaoletwa na jasho chini ya mkanda, ni kero za kawaida tu.

Kwa hiyo kamusi na vitabu vya shule vipendelee saa janja, na fasili yake isitumie kitenzi kupima pasipo tahadhari. Fasili inayofaa ni hii: saa janja ni saa ya mkono yenye kompyuta na vihisi, ambayo hukadiria mwendo na mapigo ya moyo ya mvaaji kwa dalili zinazopatikana kwenye kifundo cha mkono.