Malawi: Kashfa si jinai tena, wakili wa gazeti hutetea nini?

Mwezi Julai 2025, Mahakama Kuu ya Malawi, ikiketi kama mahakama ya kikatiba, ilibatilisha kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa ya maandishi kuwa kosa la jinai. Aliyekipinga ni mwanaharakati Joshua Chisa Mbele, aliyekuwa ameshtakiwa kwa maandishi yake ya mtandaoni.

Hukumu hiyo haikumpa mtu ruhusa ya kuandika lolote juu ya mwenzake. Aliyechafuliwa jina bado anaweza kufungua kesi ya madai, akaomba fidia au zuio la kuchapisha zaidi. Kilichoondoka ni mkono wa dola: polisi kumkamata mwandishi na kumweka rumande kabla maneno yake hayajapimwa.

Utetezi wa mchapishaji

Katika kesi ya madai, wakili wa gazeti hutegemea hoja kuu tatu. Ya kwanza ni ukweli, na mzigo wa kuuthibitisha humwangukia mchapishaji. Ya pili ni maoni ya haki juu ya jambo lenye masilahi ya umma, mradi yajengwe juu ya mambo ya kweli. Ya tatu ni kinga, kama ile inayolinda taarifa sahihi za yaliyosemwa bungeni au mahakamani.

Kwa hiyo kazi ya wakili huanza kabla ya gazeti kuchapwa. Huuliza: nyaraka ziko wapi? Nani atakubali kuapa mbele ya hakimu? Je, mtuhumiwa alipewa nafasi ya kujibu?

Faragha ni suala jingine. Katiba ya mwaka 1994 hulinda faragha katika kifungu cha 21, uhuru wa kujieleza katika cha 35, na uhuru wa vyombo vya habari katika cha 36. Habari ya ugonjwa wa mtu wa kawaida yaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado kuitangaza kukavunja haki yake.

Mifano ya kanda

Nchini Uganda, wakili James Nangwala aliwatetea Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wa gazeti la Monitor, walioshtakiwa kwa habari ya mwaka 1997. Mwaka 2004, Mahakama ya Juu ilibatilisha kosa la kuchapisha habari za uongo. Desemba 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua kwamba kifungo cha mhariri Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso kwa kosa la kashfa kilikiuka uhuru wa kujieleza.

Kwa wakazi wa Dzaleka

Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza lililowashikilia wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Leo, ujumbe wa sauti wa Kiswahili unaomwita jirani mwizi wa mgao wa chakula waweza kuzaa kesi, hata ukisambazwa na mtu asiyemiliki gazeti.

Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Usalama wa Mtandao ya mwaka 2016 ina kosa la kutumia mawasiliano kwa makusudi na kwa kurudia kuvuruga utulivu au faragha ya mtu. Hilo halikuguswa na kubatilishwa kwa kifungu cha 200. Anayeandika kambini hana budi kujiuliza maswali yale yale ya wakili wa gazeti.