Lile swali la Titan nililolikimbia darasani

Haya jamani, nimerudi. Najua nimewatupa wiki mbili nzima, ila mnaonijua mnajua: testi tatu mfululizo, desa halisomeki, na bumu halijaingia. Leo Jumamosi, rumeti kaenda kwao, umeme upo. Nimeona nilipe deni moja linalonisumbua tangu nilipokuwa TP.

Mnakumbuka niliwaambia nilipangiwa Kidato cha Pili, Historia na Jiografia, shule moja ya Kanda ya Ziwa. Siku moja, kipindi cha mwisho, joto kali, watoto wanasinzia, nikaamua kuwachangamsha na habari ya Titan. Ile nyambizi ndogo iliyokuwa ikipeleka watu kutazama mabaki ya meli ya Titanic, ikapotea Juni 18, 2023 ikiwa na watu watano. Nikawasimulia vizuri tu, jinsi dunia nzima ilivyokuwa ikihesabu masaa ya oksijeni. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa haongei kabisa, akanyoosha mkono.

"Madam, kwa nini hawakuvutwa na kamba? Mbona yule fundi wa MV Nyerere alikaa siku mbili akatoka hai?"

Darasa zima kimya. Kule hakuna asiyekijua kivuko kile. Kilipinduka Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Na ni kweli, Septemba 22 wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai, kwenye sehemu ya injini iliyokuwa imebaki na hewa. Mimi nikajibu, "Kule ni kina kirefu sana," nikafuta ubao, kengele ikanisaidia. Jibu la kukimbilia mlango. Baadaye ofisini mwalimu mwenyeji akaniambia yule kijana alipoteza mama yake mdogo kwenye kivuko hicho. Nilijisikia vibaya jamani, acheni tu.

Basi tangu nirudi chuo nimekuwa nikisoma. Hili hapa ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Kwanza, swali lake halikuwa la kitoto. Watu WAMEWAHI kuvutwa kwa kamba kutoka chini ya bahari. Agosti 29, 1973 Waingereza wawili, Roger Chapman wa miaka 28 na Roger Mallinson wa miaka 35, walikuwa kazini na nyambizi ndogo iitwayo Pisces III, kusini magharibi mwa Ireland. Hawakuwa watalii, walikuwa wanafukia kebo ya simu kwenye matope ya chini ya bahari. Kazi imeisha, wameshafika juu, saa 3:18 asubuhi wanasubiri kunyanyuliwa na meli yao. Kamba ikanasa kwenye mfuniko wa chumba cha nyuma chenye mitambo, ukang'oka. Maji yakaingia zaidi ya tani moja, nyambizi ikarudi chini kinyumenyume. Ikaning'inia kwanza kwenye kamba, kamba ikakatika, ikaenda kutua mita 480.

Chumba walichokaa kilikuwa tufe la chuma lenye upana wa kama mita mbili. Chakula: sandwichi moja na kopo moja la soda. Hewa: kwa bahati tu, Mallinson alikuwa amebadilisha mtungi wa oksijeni akaweka uliojaa kabla hawajashuka. Wakaamua kulala kimya gizani, wasiongee, wasijitikise, ili wapumue kidogo. Hewa ya ukaa nayo waliiacha ipande kidogo ndipo wawashe feni ya kuichuja, kuokoa betri.

Huko juu ikawa mbio. Ikaletwa Pisces II kutoka Bahari ya Kaskazini. Ikaletwa Pisces V kwa ndege kutoka Kanada. Jeshi la Majini la Marekani likaleta roboti yake CURV-III kutoka California. Na bado ilikuwa nusura ishindikane. Pisces II iliposhuka mara ya kwanza, kamba iling'oka kwenye mkono wake. Pisces V ikazunguka mpaka chaji ikaisha bila kuwaona. Iliporudi ikawaona, ila kufunga kamba ikashindikana. Roboti ikapata hitilafu ya umeme. Hatimaye alfajiri ya Septemba 1, Pisces II ikaingiza ndoano kwenye kile chumba cha nyuma, halafu CURV-III ikaongeza kamba ya pili. Saa 7:17 mchana wakatoka juu. Walikuwa wamekaa masaa 76 tangu wazame, na oksijeni iliyobaki inatajwa kuwa ya dakika 12. DAKIKA 12!

Sasa tuangalie kilichowaokoa. Kwanza, chumba chao hakikupasuka. Pili, simu yao ya chini ya maji ilifanya kazi, kwa hiyo walijulikana wapo wapi na wapo hai. Tatu, kulikuwa na vyombo vingine vinavyoweza kufika mita 480. Toa kimoja kati ya hivyo vitatu, hadithi inageuka msiba.

Na kuna cha nne: kuomba msaada mapema. Agosti 12, 2000 nyambizi ya kivita ya Urusi, Kursk, ililipuka na kuzama mita 108 tu. Walikuwemo 118. Mabaharia 23 walisalimika na mlipuko, wakajikusanya chumba cha nyuma kusubiri. Urusi ikasitasita kupokea msaada wa nje, na wazamiaji wa Norwei walipofungua mlango Agosti 21 hakukuwa na aliye hai. Miaka mitano baadaye, Agosti 2005, nyambizi nyingine ndogo ya Urusi, AS-28, ikanaswa chini ya bahari ya Kamchatka na watu saba. Safari hii waliomba msaada haraka. Waingereza wakapeleka kwa ndege roboti yao Scorpio 45, ikakata nyaya, wote saba wakatoka wazima Agosti 7.

Hapa ndipo niliposisimka. Roboti ile iliendeshwa na kampuni iliyoanzishwa na nani? Roger Chapman! Yule yule wa 1973. Alipotoka kwenye lile tufe hakuikimbia bahari, akafungua kampuni ya kuokoa watu waliokwama chini ya maji. Alifariki 2020. Sisi tunaosomea ualimu tunaambiwa mtu hujifunza kwa yaliyomkuta. Huyu alijifunza, akalipa.

Haya, turudi kwa Titan. Titanic imelala kama mita 3,800, yaani karibu mara nane ya kina cha Pisces III. Kule kila sentimita moja ya mraba inabebeshwa kama kilo 390. Chukua karibu mifuko minane ya saruji, iweke juu ya ukucha wako. Vyombo vya kufika huko ni vichache mno duniani, na siku ile hapakuwa na cha pili pembeni kikisubiri. Roboti iliyokuja kufanikiwa, Odysseus 6K, ilibidi isafirishwe kwa ndege kutoka Marekani mpaka Newfoundland, halafu ipande meli. Ilifika chini Juni 22, siku nne baadaye, ikakuta vipande vimetawanyika kama mita 500 kutoka mbele ya Titanic.

Mnakumbuka ile milio ya kugonga iliyonaswa na ndege za Kanada? Dunia nzima ikajipa matumaini. Haikuwa wao. Titan ilikuwa imeshabonyea siku ile ile ya kwanza, chini ya masaa mawili baada ya kushuka. Yale masaa 96 ya oksijeni tuliyokuwa tunayahesabu yalikuwa hayana wa kuyapumua. Kwa hiyo jibu langu la "kina kirefu" lilikuwa nusu jibu. Hata kamba ya kilomita nne ingekuwepo, isingekuwa na cha kuvuta.

Nusu ya pili ipo nchi kavu. Mwili wa Titan ulitengenezwa kwa nyuzi za kaboni, tofauti na matufe ya chuma yaliyozoeleka. Haikuwa na cheti cha chombo chochote cha ukaguzi. Mwaka 2018 mkuu wake wa shughuli za baharini, David Lochridge, alionya kwa maandishi, akafukuzwa kazi. Mwaka huo huo wataalamu zaidi ya 30 wa nyambizi waliandika barua ya tahadhari. Julai 2022 ulisikika mlio mkubwa nyambizi ikipanda juu, vipimo vyake vikabadilika, ikaendelea kupangiwa safari. Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani ya Agosti 2025 ilisema wazi kuwa ajali ile ingeweza kuzuilika. Kiongozi wa kampuni, Stockton Rush, alikufa humo humo. Na alikuwemo kijana wa miaka 19, aliyekwenda na baba yake. Mdogo kuliko wengi wetu hapa chuo.

Nimesikia watu hapa bwenini wakisema "matajiri wamejitakia". Mimi siwezi. Yule wa miaka 19 alimwamini mwenye chombo, kama abiria wa Ukara walivyoamini. MV Nyerere ilikuwa ya abiria 101, ikabeba zaidi ya mara mbili. Tofauti ya nauli ni kubwa kuliko maelezo, lakini ugonjwa ni ule ule: aliyepaswa kusema "hapana, hiki hakiondoki leo" hakusema, au alisema hakusikilizwa.

Kwa hiyo mdogo wangu wa dawati la nyuma, jibu ni hili. Yule fundi alitoka kwa sababu alikuwa karibu na uso wa maji, hewa ilimbakia, na wazamiaji waliweza kumfikia. Akina Roger walitoka kwa sababu tufe lao lilikuwa zima, walijulikana walipo, na kamba ilifika. Wale wa Titan hawakuwa na hata kimoja, na nafasi yao ya kuokolewa ilipotea bandarini kabla hawajagusa maji.

Mwenzangu mmoja anapangiwa shule ile ile TP ijayo. Nitamchapishia haya ayabebe, ampe mkononi. Kengele ikilia, angalau atakuwa nayo ya kusoma nyumbani.

Nyie je, mmewahi kulikimbia swali la mwanafunzi? Semeni tu, hatuchekani hapa. Ngoja nikapange foleni ya maji kabla hayajakatika. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.