Roketi za Ngomeni

Mwezi huu wa Ramadhan kila mtu anajua kuangalia juu ifikapo jioni. Lakini je, wajua kwamba katika pwani yetu hii hii roketi zilikuwa zikipanda angani na kuacha mkia mrefu wa moshi, ukipindwapindwa na upepo wa juu?

Mahali penyewe ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Miaka ya sitini Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, San Marco na Santa Rita. Kwa nini Ngomeni? Kwanza, ni digrii 3 tu kusini ya ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Pili, mashariki yake ni bahari tupu, kwa hivyo vipande vya roketi huangukia majini, sio juu ya nyumba za watu.

Kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988, satelaiti 9 zilirushwa hapo kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Iliyopata jina zaidi ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru, na ndio maana ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, ikaorodhesha vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nyingine ilirushwa tarehe 15 Novemba 1971, katika kumi la mwisho la Ramadhan.

Hapa ndipo penye funzo, vijana wenzangu. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, lakini satelaiti na ilimu vilikuwa na wenyewe. Ikapita miaka mingi. Tarehe 15 Aprili 2023, pia ndani ya Ramadhan, ikarushwa Taifa-1, satelaiti ya Kenya ya kupiga picha za ardhi. Safari hii wahandisi Wakenya walishiriki kuiunda, pamoja na kampuni ya Bulgaria, lakini ilibidi ikarushiwe California, Marekani!

Basi wazazi, mtoto akiuliza hesabati na fizikia zitamfaa nini, msimulieni habari za Ngomeni. Mahali tunapo tangu zamani. Kilichobaki ni kusoma.

Ramadhan Karim.