Jina Jipya na Kazi ya Zamani

Chalinze ni njia panda. Msafiri atokaye Dar es Salaam akifika hapo hana budi kuchagua. Akinyoosha njia yake hufika Morogoro, na mbele ya Morogoro zipo Iringa na Mbeya. Akishika mkono wa kuume huvuka Mto Wami, akaelekea Segera, Tanga, Moshi na Arusha. Kusini mwa mji unapita Ruvu na kaskazini unapita Wami, na mito yote miwili humwaga maji yake baharini katika pwani ya Bagamoyo. Mji uliokaa baina ya mito miwili ya namna hiyo ulitarajiwa kushiba maji. Lakini kwa miaka mingi jina la Chalinze lilitajwa pamoja na kiu: madumu juu ya baiskeli, malambo yanayokauka kiangazi, na wanawake wanaotoka majumbani kabla ya jogoo kuwika.

Mwaka 2003 awamu ya kwanza ya Mradi wa Maji wa Chalinze, iliyojengwa kwa msaada wa Serikali ya China, ilikamilika. Maji ya Wami yalivutwa kwa pampu, yakasafishwa, yakapelekwa vijijini. Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Hata hivyo mto una tabia yake. Mvua ziangukapo katika milima ya Ukaguru na Nguu, Wami hushuka na tope zito, na mtambo uliojengwa kusafisha maji ya kiangazi hulemewa. Siku mto ulipojaa kuliko siku zote ndiyo siku bomba la kijijini lilipokauka. Shida hii ilidumu miaka. Jawabu moja lililotolewa lilikuwa la kiutawala: mamlaka iliyosimamia maji ya Chalinze, iliyoitwa CHALIWASA, ilivunjwa, na kazi yake ikatiwa chini ya mamlaka ya Dar es Salaam, DAWASA.

Jawabu hilo si geni katika pwani hii. Dar es Salaam yenyewe hunywa maji ya Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, wakati wa utawala wa Waingereza. Mtambo wa Ruvu Chini, ulioko upande wa Bagamoyo, ulifuata mwaka 1976. Tangu wakati huo mitambo imekaa palepale kando ya mto, na mabwana zake wamepita mmoja baada ya mwingine. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 liliundwa shirika la taifa la maji ya mijini, NUWA. Mwaka 1997 ikaja DAWASA. Mwezi wa Agosti 2003 kazi ya kuendesha maji ikakabidhiwa kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mshirika wa Kitanzania, kwa mkataba wa miaka 10. Mkataba huo ulikuwa sharti mojawapo la mikopo iliyotolewa na Benki ya Dunia na wenzake kwa ajili ya kufufua mabomba.

Mkataba wa miaka 10 haukutimiza miaka 2. Kampuni ilitarajiwa kukusanya fedha nyingi zaidi; ikakusanya pungufu ya ile mamlaka iliyoitangulia. Mwezi wa Mei 2005 Serikali ilitangaza kuwa mkataba umekwisha, na wakuu wa kigeni wa kampuni wakaondolewa nchini. Mahali pa City Water pakakaliwa na shirika la umma lililoitwa DAWASCO. Shauri lilifikishwa mbele ya wasuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, na mwaka 2008 wakaamua kwamba Tanzania ilivunja masharti ya mapatano, lakini kampuni haikustahili kulipwa hata senti, kwa kuwa kitendo cha Serikali hakikuipotezea thamani yoyote: thamani ilikuwa imekwisha kupotea. Mwaka 2018 DAWASCO na DAWASA zikaunganishwa na kuwa kitu kimoja. Ndiyo hiyo DAWASA iliyokuja kuipokea Chalinze.

Msomaji atakayezihesabu herufi hizi zote ataona jambo moja. Kila mara shirika lilipoonekana kuwa bovu, lilibadilishwa lote kwa mara moja: jina, mkubwa, barua zenye anwani mpya, na rangi ya magari. Wakati City Water ilipoingia, zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa Ruvu hayakuleta malipo. Mengine yalivuja ardhini na mengine yaliunganishwa kwa siri. Tundu la bomba halijui kusoma jina la shirika. Ligeuzwe la taifa, la mkandarasi au la umma tena, bomba hutiririsha maji yale yale katika mchanga ule ule, mpaka atokee mtu wa kulifukua na kuliziba, kisha akaliulizia sababu ya kutoboka.

Iko njia nyingine ya kuitengeneza kazi, na historia yake ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Wajapani huiita kaizen, neno lililofanywa kwa maneno mawili, mabadiliko na wema. Hata hivyo si mali ya Wajapani peke yao. Mwaka 1950 Mmarekani W. Edwards Deming aliwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda wa Japani namna ya kutumia hesabu kutambua chanzo cha kasoro, badala ya kungoja bidhaa mbovu itokee ndipo itupwe. Mwaka ule ule Eiji Toyoda alizuru kiwanda cha Ford huko Marekani, akaona utaratibu wa kupokea mashauri ya wafanyakazi. Na mwaka 1951 Toyota ikaanza utaratibu wake. Mwaka 1962 vikaundwa Japani vikundi vidogo vya wafanyakazi wanaokaa pamoja kuchunguza kasoro za kazi yao wenyewe. Neno kaizen lilienea duniani baada ya Masaaki Imai kutoa kitabu chenye jina hilo mwaka 1986. Kwa hiyo mtu anayeikataa njia hii kwa kuwa ni ya kigeni anaikataa kwa sababu dhaifu, maana hata huko ilikosifika ilifika kama mgeni.

Kiini chake si kufagia wala kupanga makabati, ingawa hayo yamo. Kiini chake ni imani kwamba mtu anayeigusa kazi kila siku anaujua ubovu wake kabla ya mkubwa kupata habari. Taiichi Ohno wa Toyota aliwafundisha watu wake kuuliza "kwa nini" mara tano juu ya kila kasoro, ili wasiridhike na jawabu la kwanza. Yafaa kulipima fundisho hili kwa tope la Wami. Maji hayakufika kijijini. Kwa nini? Kwa sababu pampu imezimwa. Kwa nini? Kwa sababu machujio yamejaa tope. Kwa nini? Kwa sababu mtambo uliendeshwa kwa mwendo wa kiangazi hali mto umekwisha kuchafuka. Kwa nini? Kwa sababu mwendesha mtambo aliyeiona rangi ya maji tangu alfajiri hana ruhusa ya kupunguza mwendo mpaka apate amri. Kwa nini? Kwa sababu kanuni ya kazi iliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kukesha kando ya mto wakati wa masika. Mfano huu ni wa kuwazia, lakini kila aliyepata kufanya kazi katika ofisi au karakana ataitambua sura yake. Jawabu la kwanza lingeleta pampu mpya. La pili lingeleta machujio mapya. Jawabu la tano halihitaji fedha nyingi. Lahitaji mkubwa akubali kumpa mdogo sehemu ya mamlaka yake, na hilo ndilo ghali.

Tanzania iliwahi kulikaribia jawabu hilo la tano kabla neno kaizen halijasikika nchini. Mwezi wa Februari 1970 Rais Julius Nyerere alitoa Waraka wa Rais Namba 1, ulioagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili wafanyakazi washauri juu ya uendeshaji wa kazi. Mwaka uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, ambao pamoja na mambo mengine uliwakemea viongozi wenye kiburi na dharau kwa walio chini yao. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko walivyotazamia walioutunga. Kati ya 1971 na 1973 kazi zilisimamishwa katika viwanda vingi, na mara nyingi lalamiko halikuwa la mshahara tu: lilikuwa juu ya matusi ya meneja, upotevu wa mali, na mashine zilizoachwa ziharibike. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda, wakaendesha kazi wenyewe.

Wakubwa waliogopa. Mabaraza yaliachiwa kushauri, lakini uamuzi ulibaki juu. Waliogoma mahali pengine walifukuzwa kazi, na baada ya miaka michache ile sauti ikafifia. Wanahistoria wameyaandika sana mambo haya kama mapambano ya matabaka, na Issa Shivji ndiye aliyetangulia kwa kitabu chake cha 1976. Hawakukosea. Lakini upo upande mwingine ambao haukutazamwa vya kutosha. Mfanyakazi aliyelalamika kwamba mashine haitiwi mafuta alikuwa pia fundi anayetoa taarifa ya ubovu, na taarifa ile ilipokewa kama uasi. Taifa likapoteza maarifa yaliyokuwa bure.

Njia ilifunguka tena mahali ambapo hapakutazamiwa, hospitalini. Mwaka 2007, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la Kijapani la JICA, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kazi ya kujipanga upya kwa mfano uliotoka hospitali ya wanawake ya Castle Street, mjini Colombo, Sri Lanka. Nchi maskini ilifundishwa na nchi isiyo tajiri, na labda hii ndiyo sababu fundisho lilishika. Bohari zilisafishwa, dawa zikapangwa kwa tarehe za kuharibika, mafaili yakawekewa alama, na muda wa kutafuta kitu ukapungua. Kutoka Mbeya utaratibu ulienea katika hospitali nyingine za nchi.

Hapa lugha ilifanya kazi yake, na yafaa mpenzi wa Kiswahili asimame kidogo. Hatua tano za Wajapani huanza zote kwa herufi S: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Watanzania wakazitafsiri kwa S tano zao: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. "Sasambua" ni chaguo la kupendeza, kwani ni neno la kuvua na kuambua, na aliyewahi kuingia bohari yenye vitanda vibovu vya miaka 20 anajua kwamba kupanga hakutoshi. "Seti" limekopwa bila haya, na linafaa. Neno la tano ndilo lililopungukiwa. Shitsuke kwa Wajapani ni malezi, ile adabu anayokuzwa nayo mtoto mpaka inakuwa tabia yake. "Shikilia" ni amri: usiache. Mtu aliyelelewa hahitaji kuamriwa, na anayeamriwa kushikilia huachia mara msimamizi anapogeuka. Herufi ilipatikana, maana ikapungua.

Tangu 2013 Serikali na JICA wameupeleka utaratibu huu viwandani pia, kupitia Wizara ya Viwanda. Chalinze nayo si ya kiu na njia panda tu tena. Tangu 2017 kiwanda kikubwa cha vigae kinafanya kazi Pingo, na vijana waliolelewa na jembe wamejifunza kuhudumia tanuri. Swali lililoulizwa 1970 litaulizwa hapo na kwingineko. Mfanyakazi anayo haki ya kuwa na shaka. Akionyesha namna watu 6 wanavyoweza kufanya kazi ya watu 8, atataka kujua wale 2 watapelekwa wapi. Na akiitwa kila Jumatatu kutoa mawazo yasiyofuatwa, atajifunza kunyamaza. Huko Japani viwanda vikubwa vilivyofanikiwa kwa njia hii viliwahakikishia wafanyakazi wao wa kudumu ajira ya muda mrefu. Sharti hilo haliandikwi mara nyingi katika vitabu vya mafunzo.

Mabaraza ya wafanyakazi yangalipo katika taasisi za umma za Tanzania, nayo yana nguvu ya sheria. Hukutana, husikiliza hotuba ya ufunguzi, na aghalabu huyapitia makadirio ya fedha ya mwaka. Mwendesha mtambo wa maji anaweza kuwa mjumbe halali wa baraza lake, akakaa ukumbini siku nzima na kujua bei ya pampu mpya, bila kuulizwa mto ulikuwa na rangi gani asubuhi ile.