Nyuma ya Mtu: Kutoka Mapazia ya Likoni hadi Mwanga wa Rangi

Nilipotoka Buraza kwenda kupiga picha katika studio mjini Gitega, mpigapicha aliniuliza swali moja tu: "Nyuma tuweke rangi gani?" Ukuta ulikuwa mweupe. Nikajibu buluu. Akabandika karatasi ya plastiki ya buluu mbele ya taa ya nyuma, na ukuta wote ukageuka. Katika insha hii ninatetea hoja kwamba swali lile lina historia, na kwamba anayesoma uso peke yake katika picha ya studio anaacha nusu ya ushahidi.

Karatasi ile huitwa jeli kwa sababu zamani ilitengenezwa kwa jelatini. Asili yake ni jukwaani. Mwaka 1545 Mwitaliano Sebastiano Serlio alieleza namna ya kupata mwanga wa rangi kwa kuweka taa nyuma ya chupa za maji ya rangi. Jelatini ilikuja baadaye, lakini iliharibiwa na joto na maji, hivyo plastiki ikachukua nafasi yake, jina likabaki. Jeli haiongezi rangi. Huzuia rangi nyingine zilizomo katika mwanga mweupe na kupitisha yake. Ndiyo maana mpigapicha alinisogeza mbali na ukuta: taa nyeupe iliyonimulika usoni ingefika kule, buluu ingepauka.

Wakati wa picha za nyeusi na nyeupe, buluu hiyo ingetoka kijivu tu. Aliyetaka mandhari alihitaji pazia lililochorwa, na desturi hiyo iliendelea hata filamu za rangi zilipoenea. Mfano mzuri ni Likoni, Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wapigapicha karibu na kivuko, wengi wao wakiwa wametoka bara, walijenga vibanda na kuvipamba kwa mapazia yenye meli, ndege na majumba. Mteja ambaye hajawahi kupanda ndege alisimama mbele ya ndege, akaipeleka picha nyumbani. Agosti 1997 ghasia zilipozuka Likoni, vibanda vya watu wa bara vilichomwa na wengi wakakimbia. Waliouza picha za safari wakafukuzwa walipokuwa wakiishi.

Baadhi ya wasomaji wataona mapazia yale ni uongo. Mimi naona ni ushahidi: hayasemi mtu alikuwa wapi, yanasema alitamani kuwa wapi. Mwanga wa rangi ni rahisi na unapendeza, lakini hausemi hata hilo. Taa ikizimwa, ukuta ni mweupe tena.

Kwa kuhitimisha, picha yangu ni nzuri na naipenda. Lakini atakayeiona baada ya miaka hamsini hatajua kama nilipigwa Gitega, Mombasa au Dubai. Kwa hiyo nimeandika nyuma yake, kwa kalamu, mahali, tarehe, na kwamba buluu niliichagua mwenyewe.